Hakuna Pe

Maestra Perpetua Magbanua hakutufundisha kuchora.
Alitufundisha kutazama wali.

Tulikuwa sita, juu ya duka la mikate mtaani Jaro,
mjini Iloilo, sakafu ikituoka nyayo,
na kila Jumamosi aliweka sahani mezani: wali,
yai moja, kitambaa kilichopigwa pasi,
akasukuma dirisha la magamba ya chaza, akasema: haya.

Mimi, mtoto wa fundi viatu, nikachovya brashi
moja kwa moja kwenye kopo la rangi nyeupe.
Akaudaka mkono wangu hewani.
"Toto," akasema. Ndivyo waitwavyo wavulana wote wa Iloilo,
lakini kinywani mwake lilikuwa na makali ya kisu cha samaki.
"Toto, unachora ulichoambiwa, au unachokiona?"
"Ni mweupe, Maestra. Mweupe pe."
"Hakuna pe."

Miaka thelathini na moja nimekaa na maneno hayo.
Wali una kijani, upande unaotazamana na mgomba.
Wali una zambarau chini, pale punje zinapobanana.
Yai lina haya.
Na kitambaa kinadaiwa na kila kitu kilicho jirani yake.
Aliyetaja theluji alitolewa nje: "Umeiona wapi?"

Ujanani alichora mabango ya sinema,
nyuso pana kuliko nyumba, chozi la ukubwa wa ndoo,
mpaka mitambo ya kuchapa ilipomnyang'anya ngazi.
Baadaye akachora picha ndogo, kama daftari la shule.
Mwokaji alinunua moja, akafunikia boksi la fyuzi.

Sikuwa mchoraji. Bora niliseme.
Baba aliugua, viatu vikaacha kulipa,
nikaenda kujifunza kuunda meno ya bandia
katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya hospitali.
Mezani nina weupe kumi na sita, kila mmoja na namba yake.
Madaktari huniletea namba.
Mimi huomba niletewe mtu.

Mwaka juzi wakamleta yeye.
Amekonda, shali begani, bluu imeganda kwenye kucha.
Hakunitambua, au alijifanya.
Nikamketisha mlangoni, kwenye mwanga wa asubuhi,
nikaweka vipande kando ya mdomo wake, kimoja kimoja.
Msaidizi wangu akadakia: "Mpe meupe, Bibi apendeze."
"Nina miaka themanini na mbili," akasema. "Nitie kahawa kidogo.
Na kijivu, huku nchani. Sijafa bado, Toto."

Toto.

Nilikesha mara nne.
Nikatia njano ya ukoko kwenye shingo ya kila jino,
ufa mwembamba kama unywele kwenye lile la mbele,
zambarau yanapobanana.
Hakuna anilipaye kwa zambarau.
Alipoyavaa akaomba kioo, akatoka nacho hadi uani,
akayatazama kama alivyotazama kazi zetu, bila kutabasamu,
kisha akasema neno moja:
"Karibu."
Sijui hata leo kama alinikaribisha
au alinikata alama.

Jana usiku tulimkesha. Kahawa, biskuti, karata;
kila mshindi akitoa visenti vya mazishi.
Kati ya wale sita tulifika wawili: mimi na padri.
Nikainamia kioo cha jeneza.
Wamempaka poda. Nyeupe pe.
Kinywa wamekifunga.

Basi kazi yangu pekee aliyoikaribia kuisifu
imo mle ndani, gizani, na asubuhi itafukiwa.
Jino la pembe si dawa ya pengo; nalijua hilo,
ni kazi yangu kulijua.

Mpwa wake akaniletea sahani. Wali, na kipande cha samaki.
Sikula. Niliizungusha taratibu chini ya balbu.
Upande wa taa una chungwa.
Upande wa pili, ngoja,
ngoja kwanza.